Subira si kujifungia ndani

Kaka, pole sana. Unasema tangu upunguzwe kazi hapo Tanga mwaka jana, mkeo ndiye analisha nyumba kwa vitumbua, nawe umeacha hata jumuiya kwa aibu, unasali chumbani ukingoja wakati wa Bwana.

Hapo kwenye kungoja ndipo sikubaliani nawe. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Katikati, gerezani, alisimamia wafungwa wenzake, na alimwomba mmoja wao, mnyweshaji wa Farao, amtaje kwa Farao akitoka. Jamaa akamsahau miaka 2 mizima! Lakini aliomba msaada kwa mtu. Wewe umemwambia nani?

Kesho amka na mkeo saa kumi alfajiri, uwashe jiko, ubebe ndoo ya unga wa vitumbua mpaka barazani anapouzia. Watu wa Ngamiani watacheka siku mbili, watazoea. Kisha shuka Deep Sea boti zinapoingia, uulizie kibarua cha kubeba samaki. Utanuka, ndiyo. Jumuiya rudi wiki hii hii, useme wazi unatafuta kazi. Mafundi na wenye maduka wanasali humo humo.

Na hiyo bia ya jioni uliyoitaja juu juu, ni vitumbua vingapi?