Kwa nini Citroën DS hulala chini ikizimwa

Umeuliza kama Citroën DS inayoshuka yenyewe ikiegeshwa muda mrefu ina ubovu. Hapana, ndivyo ilivyoundwa. Gari hilo lililotoka 1955 halina springi za chuma. Kila gurudumu lina tufe: upande mmoja gesi ya nitrojeni, upande wa pili oili, katikati utando wa mpira. Gesi ndiyo springi. Oili inasukumwa na pampu inayozungushwa na injini.

Ukipakia mizigo nyuma, bodi inashuka na kuvuta fimbo ya vali ya kurekebisha kimo. Vali inafunguka, oili inaingia mpaka bodi irudi palepale. Ukishusha mizigo, oili inarudi tangini. Vali hiyo hujibu polepole kwa makusudi, la sivyo kila shimo la barabarani lingelipandisha na kulishusha gari kama mtumbwi. Injini ikizimwa, oili hupenya kidogokidogo kwenye vali, presha inaisha, gari linalala.

Usukani nao unatumia oili hiyohiyo: ukikata kona, vali huelekeza presha upande mmoja wa pistoni inayosukuma reki, yaani fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu ya mbele. Presha ikiisha bado utageuka, ila jiandae kutoa jasho.