Jibu: Mpwa anatakiwa kazini Riyadh, mkataba ataupata akifika

Dada wa Malindi uliyeuliza kama mpwa wako aende kazi ya nyumbani Riyadh, Saudia, na wakala amesema mkataba atausaini huko huko: asipande ndege.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo utiwe saini na uthibitishwe na afisa wa kazi. Mwajiri asiyeishi Kenya naye lazima aweke dhamana, na wadhamini wawe wakaazi wa hapa. Wakala anayeukwepa mlango huo anaikwepa dhamana, na binti akikwama hakuna wa kubanwa.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala wenye leseni mtandaoni. Litazame jina herufi kwa herufi. Mabroka wa mitaani huzunguka na nakala ya leseni ya kampuni isiyowajua kabisa, kwa hivyo ipigieni kampuni yenyewe, si kwa nambari aliyowapa broka. Visa nayo isomeni: ikiwa ni ya matembezi, hapo hapana kazi.

Kwenye mkataba tafuteni jina na simu ya mwajiri, mji, mshahara kwa riyali na muda. Kanuni za Saudia zilizoanza Oktoba 2024 zinaweka kikomo cha saa 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kila wiki, na zinamkataza mwajiri kushika pasipoti. Tangu Julai 2024 mishahara ya mikataba mipya inatakiwa kupitia Musaned, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Saudia wa wafanyakazi wa nyumbani. Akilipwa mkononi, ushahidi hana. Akaunti na laini ya simu ziwe kwa jina lake, na kadi akae nayo mwenyewe. Wengi huporwa hapo, kwa kadi kukaa na madam, yaani mwajiri wake.

Picha za pasipoti, visa na mkataba zibaki kwenu. Kubalianeni neno la siri la kuomba msaada, maana mara nyingi huongea na simu madam akiwa kando.

Mambo yakiharibika asihamie kibarua kingine kimyakimya. Kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, akiripoti kuwa binti ametoroka (huita huroob), binti ndiye anayegeuka mkosaji. Apige 19911, wizara ya kazi ya Saudia, au aende ubalozi wa Kenya Riyadh akiwa ameandika miezi asiyolipwa. Akiwa anapigwa, atoke kwanza, karatasi zitafuata. Nanyi siku hiyo hiyo pelekeni malalamiko kwa maandishi ofisi ya kazi ya hapa Kenya, mkitaja nambari ya leseni ya wakala.