Kutafsiri "quite a few", "another" na wenzake kwenda Kiswidi: jibu kwa mleta uzi

Mkuu, nimelisoma lile tangazo la sherehe ya umoja wenu uliloliweka hapa, Kiingereza juu na Kiswidi chini, ukiomba tulipitie kabla halijasambazwa. Sarufi yako haina neno. Shida iko kwenye maneno ya idadi na kiasi, yale madogo madogo ambayo mtu huyapita mbio akidhani kamusi imeshamalizana nayo. Mimi niko Göteborg, huku Sweden, nimefanya kazi majiko ya shule kabla ya kuhamia kwenye kutafsiri barua na matangazo ya namna hii, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayokutana nayo, si ya kitabuni.

Naanza na lililo hatari kuliko yote. Kiingereza chako kinasema "quite a few members have paid", nawe ukaweka "ganska få medlemmar har betalat". Mswidi akisoma hapo anaelewa waliolipa ni wachache, tena wachache wa kusikitisha. Ulichotaka kusema ni kwamba waliolipa si haba. Andika "ganska många", au "rätt många" ukitaka isikike kama maneno ya watu na si ya ofisi. Waingereza wana tabia hii ya kusema kidogo wakimaanisha kingi, na ukiwafuata neno kwa neno utawatukana wanachama waliolipa.

Mimi katika sehemu kama hizo huwa naiweka sentensi kwa Kiswahili kwanza kichwani, halafu ndiyo naenda Kiswidi. "Few" ni wachache, basi ni "få". "A few" ni kadhaa, basi ni "några". "A little" ni kidogo, basi ni "lite". Sisi tunatofautisha wachache na kidogo bila kufikiri: hakuna anayesema watu kidogo akimaanisha idadi, wala maji machache. Kiswidi kiko hivyo hivyo, "få" kwa vinavyohesabika na "lite" kwa visivyohesabika. Hapo lugha yetu inakubeba vizuri.

Ila kwenye wingi inakuangusha. Sisi tuna -ingi moja tu: watu wengi, maji mengi, pesa nyingi. Waswidi wana "många" kwa vya kuhesabika na "mycket" kwa visivyohesabika, na "a lot of" ya Kiingereza haikupi fununu yoyote ni ipi kati ya hizo. Kwa hiyo kila ukiona "a lot of", simama ujiulize: hiki nakihesabu au nakipima? "Många stolar" ni viti vingi, "mycket ris" ni mchele mwingi. Kisha kuna wakorofi wawili wa kukariri tu. Pesa, "pengar", kisarufi ni wingi lakini husemwa "mycket pengar". Ukisema "många pengar" watu wanawaza sarafu zimemwagwa mezani. Na "folk" ni watu, lakini ni "mycket folk". Ukibanwa kabisa tumia "en massa", inakubali vyote viwili, ila ibaki kwenye maongezi na WhatsApp.

Sasa "another". Umeandika mnahitaji "another twelve chairs" ukaweka "tolv andra stolar". Hapo umewaambia viti mlivyo navyo hamvitaki, leteni tofauti. Viti 12 vya kuongezea ni "tolv stolar till", hiyo "till" ikikaa mwishoni. Usijilaumu, maana hata Kiswahili kina mtego huo huo: nikikuomba kikombe kingine, hujui kama nataka chai zaidi au kikombe changu kina ufa. Pale jikoni tulikuwa na mama mmoja wa Bujumbura, mchangamfu sana. Kwenye mapumziko ya kahawa birika likipita, yeye anasema "en annan, tack", yaani nipe kingine tofauti. Mwenzetu Mswidi anachukua kikombe chake, anakipeleka kwenye sinki, anarudi na kikombe kisafi kitupu, anakiweka mbele yake kwa heshima zote. Yule mama anakitazama kikombe, anatutazama sisi. Iliendelea hivyo mpaka siku alipomsikia mtoto wa shule dirishani akiinua sahani na kusema "en till!", akiongezewa mpira wa nyama. Kuanzia hapo kahawa ikawa inamfikia.

"Enough" nayo ina ubaya wake. "There is enough food" umeiandika "det finns nog mat". Kamusi haijakudanganya, "nog" ni ya kutosha. Lakini neno hilo likikaa hapo baada ya kitenzi, sikio la Mswidi linasikia "nadhani": nadhani chakula kitakuwepo. Kwa tangazo la sherehe, hiyo ni aibu. Weka "det finns tillräckligt med mat", au geuza mpangilio iwe "mat nog".

Kwenye orodha ya vitu vya kuleta umejaza "av" kila mahali: "en säck av ris", "tio flaskor av läsk". Kiingereza kina "of", sisi tuna gunia la mchele na chupa za soda, kwa hiyo mkono unaandika wenyewe. Kiswidi hakitaki. Ni "en säck ris", "tio flaskor läsk", "ett kilo lök", maneno yanagusana tu. "Av" inarudi pale unapochota sehemu ya kitu kinachojulikana: "en del av pengarna" (sehemu ya zile pesa), "hälften av medlemmarna" (nusu ya wanachama). Ukienda kaunta ya nyama na jibini utasikia watu wanasema "två hekto skinka", yaani gramu 200 za hemu. Nusu kilo ni "fem hekto" au "ett halvt kilo", zote sawa. Na kwa mapishi uliyoambatanisha yenye "cups", usiandike "koppar". Jiko la Kiswidi linapima unga kwa desilita, na kikombe cha Kimarekani ni kama desilita 2.4. Vijiko ni "matsked" mililita 15 na "tesked" mililita 5, hivyo vinalingana na vya Kiingereza bila matata. Kuna na kijiko cha mililita 1, "kryddmått", cha viungo. Kwa pilau mimi hicho sikitambui, lakini wao wanakiheshimu.

"Quarter" imekuponyoka pia, na hapa robo yetu haisaidii maana nayo inafanya kazi zote. Robo saa ni "en kvart". Robo mwaka ni "ett kvartal". Robo ya ada, ndiyo unayoitaka wewe, ni "en fjärdedel av avgiften". Wewe umeandika "ett kvarter av avgiften", na "kvarter" ni mtaa, zile nyumba zilizozungukwa na barabara.

Wageni: "about a hundred" ni "ett hundratal". Wewe umeweka "hundratals", ambayo ni mamia. Herufi moja ya s hiyo, na anayepika ni mtu mwenye sufuria moja. Kama mnajua watakuwa mia na ushee, Waswidi wana neno tamu, "drygt hundra". Wakiwa hawafiki mia vizuri, "knappt hundra". Magazeti yao yamejaa haya mawili. "Knappt" haina lawama ndani yake, isichukuliwe kama kwamba watu wamesusa kuja.

Ada umeandika 1,500 kr. Kwetu hiyo ni elfu moja na mia tano. Kwao koma ndiyo inayotenganisha desimali, kwa hiyo mtu anaweza kusoma krona moja na nusu, akafurahi. Andika 1 500 kr, nafasi badala ya koma. Na kwa kuwa umesema unatafsiri habari pia: bilioni ya Kiingereza, ambayo ndiyo hii yetu ya sifuri tisa, kwa Kiswidi ni "miljard". "Biljon" yao ina sifuri kumi na mbili, ni trilioni yetu. Nimewahi kuona bajeti ya nchi ikiongezeka mara elfu kwa kosa hilo tu.

Ukumbi uko "two miles from the station", ukaweka "två mil". Mkuu, watu watakodi gari. "Mil" ya Kiswidi ni kilomita 10 kamili, ndivyo ilivyo tangu walipohamia mfumo wa mita mwaka 1889, na ile ya zamani ilikuwa "drygt" kilomita 10. Maili mbili za Kiingereza ni kilomita tatu na kitu, andika "drygt tre kilometer".

"In a fortnight", yaani baada ya wiki mbili, ni "om fjorton dagar", hiyo umeipata, hongera.

Mwisho saa. "Half three" ya Mwingereza ni tatu na nusu ya saa yao, yaani saa tisa na nusu alasiri kwetu. Umeandika "halv tre". Mswidi huhesabu nusu ya kuelekea saa inayofuata: "halv tre" ni saa nane na nusu, na unayoitaka wewe ni "halv fyra". Mkichanganya na wanachama wanaohesabu kwa saa za Kiswahili, hiyo sherehe itakuwa na vipindi vitatu. Andika "kl. 15.30" kwa tarakimu na usieleze zaidi.

Ukisharekebisha lirushe tena hapa. Ile aya ya michezo ya watoto sijaigusa, nimeona kuna "a bunch of" tatu ndani yake na zote zinataka maneno tofauti.