AC ya Kyela: feni ya nje inaunguruma bila kuzunguka

Habari mkuu. Umesema upande wa ndani unapuliza ila hewa ni ya kawaida tu, na nje feni inaunguruma haizunguki mpaka uisukume kwa kijiti. Kwanza acha huo mchezo wa kijiti. Pili, fundi akikimbilia kuongeza gesi, mwambie asubiri. Hiyo ni dalili ya kapasita mbovu ya feni, yaani kile kifaa kidogo kinachotunza umeme na kuisaidia mota ya feni kuanza kuzunguka.

Zima swichi kuu, siyo rimoti. Fungua kava la nje. Kapasita hutunza umeme hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo iondolee chaji kwanza: mimi hutumia holda yenye balbu ya kawaida ya watt 60, waya zake nagusisha kwenye ncha mbili. Kama hujawahi kufanya hivyo, ita fundi.

Ikivimba au kuvuja mafuta, imekufa. Ila nyingi zinakufa zikiwa safi kabisa kwa macho, ndiyo maana lazima mita yenye kipimo cha mikrofaradi (µF), yaani uwezo wa kapasita kutunza umeme. Chomoa waya, pima, linganisha na namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Imeandikwa 2.5 ± 5%, mita inasoma 1.4? Tupa. Nunua yenye mikrofaradi zile zile zilizoandikwa. Volti zisipungue za ile ya zamani, 450 ni sawa. Madukani Mwanjelwa, Mbeya, nenda na ile ya zamani mkononi, na uwaambie waipime mpya mbele yako.

Ikipima vizuri, zungusha feni kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Ikiwa nzito, tatizo ni beringi. Ikiwa nyepesi, basi waya za mota, na hapo siwezi kukuhakikishia bila kuiona. Weka picha ya lebo.