Jibu: Mto ukikauka kiangazi, umekufa?

Ndugu, umeuliza kama korongo linalokauka kila kiangazi tulilime tu, kwa kuwa mto umeshakufa. Haujakufa. Nenda mto Mwagusi, hifadhi ya Ruaha, mwezi wa kumi: juu mchanga mtupu, lakini tembo anachimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yanajitokeza, kisha nyani wanakuja kunywa shimo hilohilo. Ukilima mkondoni, mvua za Desemba zinabeba udongo wako wote.

Mto Ruaha Mkuu ni habari nyingine. Huo ulitiririka mwaka mzima, ukaanza kukatika kiangazi mwaka 1993, hasa kwa sababu ya maji kuchepushwa mashambani bonde la Usangu, huko mto unakotokea. Unaniuma sana. Mpunga ukishavunwa, mifereji ifungwe, maji yaende Ihefu, kinamasi kinacholisha mto huo.