Ami yako na mtungo wa samaki

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, ujumbe wako niliusoma ndani ya matatu nikirudi Eastleigh, nikaona si wa kujibiwa kwa simu. Umesema ulipokuwa kisiwani Wasini ulimwona ami yako akishuka chomboni na samaki wa kuhesabika, na kabla tajiri anayemnunulia hajapima hata mmoja, akaanza kugawa: huyu wawili, yule mmoja. Ukaniuliza, "Baba, ami ana deni la mashine ya boti, mbona anagawa? Na wale changu alionipa, mbona nilipomtolea elfu moja aliirudisha kama nimemtukana?"

Hukumtukana, mama. Umeuliza kama mhasibu, na hiyo ndiyo kazi yako.

Wale uliowaona si waombaji. Kijana aliyedaka kamba na wenzake waliokisukuma chombo walipewa kitoweo. Kitoweo hutoka kabla ya mizani, kabla ya kukata pesa ya mafuta, kabla ya fungu la chombo na mafungu ya mabaharia. Hakuna anayekiandika. Yule bibi wa barazani, kweli, hakushika kamba. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha ami yako kuyajua maji ya mkondo ule, usiku, bila taa. Mpaka leo ami hajaona kwamba amemaliza kumlipa.

Umekaa siku tatu tu, kwa hiyo uliona kisiwa kizuri kisicho na gari. Ni kilomita kama 5 kwa urefu, na upana wake haufiki mbali. Maji ya visima yana chumvi, hivyo kwa miaka mingi ya kunywa yalikingwa ya mvua, na mabirika yakikauka yaliletwa madumu kutoka Shimoni ng'ambo. Mtu wa pale haanzi siku kwa kuangalia saa, huuliza maji yakoje. Bamvua likifika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali sana na wanawake hushuka mwambani kuchokoa pweza. Bibi yako alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alinifundisha kulitambua pango la pweza kwa maganda ya kombe yaliyotupwa mlangoni: "Huyu amekula jana, yumo ndani." Nami nilikuwa naona mawe matupu.

Msimu wa upepo wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, riziki huonekana. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, ndio hupima watu. Mwaka mmoja nikiwa darasa la sita, babu yako alichomwa mkononi na mwiba wa samaki taa. Mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko, na kusi yote hakugusa kasia. Nyumbani tulikuwa watoto watano. Jioni, mama akifungua mlango, anakuta mtungo umening'inia kwenye komeo: ukindu uliopitishwa mashavuni mwa tafi watatu, siku nyingine wanne, na magamba bado mabichi. Hakuna aliyebisha hodi. Mama alikuwa akilitazama fundo la ukindu, anajua ni mkono wa nani, na analitaja jina kimya kimya kabla ya kufungua. Nilikula samaki wale miezi mitatu. Hakuna aliyekuja kudai, na babu alipopona hakwenda kulipa kwa mtu yeyote. Alirudi baharini tu, na mitungo ikaanza kutoka kwetu kwenda milango mingine.

Nilipokuja Nairobi mara ya kwanza nilinunua samaki City Market, nikampelekea jirani wa mlango wa pili. Akafungua, akaniuliza, "Ni pesa ngapi?" Simlaumu, ndivyo mji ulivyomfunza. Lakini usiku ule nilitamani sana kurudi kwetu.

Sikusifii kisiwa ili ukione pepo. Tajiri huyohuyo anayemkopesha ami nyavu na mashine ndiye anayemnunulia samaki, na bei anaipanga yeye. Hilo linaniuma, kwa sababu mama karanga anayekaanga samaki na kuwauza hupata faida ndogo na mvuvi hupata ndogo zaidi. Tangu hifadhi ya bahari ilipowekwa Kisite miaka ya 1970, sehemu ambazo babu alivua ujanani hazivuliwi tena. Samaki wamepata pa kuzaliana na vijana kadhaa wanapata riziki kwa kuwapeleka wageni kuwaona pomboo, lakini wazee wale walipoteza bahari waliyoizoea, na nimewaona wakiitazama kwa mbali. Siri pia haikai pale. Ukigombana na mumeo asubuhi, watu wa Mkwiro, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, wanajua kabla ya adhuhuri.

Nirudi kwenye elfu yako. Ulipompa noti palepale, samaki mkononi, uligeuza kitoweo kuwa biashara, na biashara yake ami huifanya na tajiri. Wewe ni mtoto wa nyumba. Hilo tu ndilo lililomfanya airudishe, na wala hana kinyongo, nimeongea naye jana.

Ukienda tena baada ya Ramadhani, pitia Mombasa umnunulie uzi wa kushonea nyavu, ule mnene, mafungu mawili. Mpe usiku barazani, mkishakula. Huo atapokea.

Baba yako