Wapeni kazi yenye uzito, vifaa baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza waajiri na walimu wafanye nini ili vijana waliokua na simu janja mkononi wavutiwe na kazi na masomo. Kazi yangu ni kuwafunza waajiriwa wapya, na jibu langu ni hili: kijana havutwi na kifaa. Anavutwa na kazi anayoiona ina maana, pamoja na mtu wa kumwambia mapema kama ameipatia au ameikosea.

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliandika kwamba vijana ni wenyeji wa ulimwengu wa kidijitali na sisi wakubwa ni wahamiaji tu. Maneno yale yalitutia hofu. Shule zikakimbilia vishikwambi, ofisi zikageuza mafunzo yote kuwa video, kana kwamba mwenyeji hahitaji tena kuongozwa. Vipimo vinasema vingine. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018, uliowapima wanafunzi wa mwaka wa nane wa shule ujuzi wao wa kompyuta na taarifa, ulikuta asilimia 2 tu waliofika ngazi ya juu kabisa, ile ya kutafuta taarifa kwa kompyuta bila kushikwa mkono na kuzichuja kwa makini. Miaka miwili kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha wanafunzi wa Marekani tangazo la kulipiwa, lililoandikwa wazi kuwa limedhaminiwa. Zaidi ya asilimia 80 ya wale wa shule za kati waliamini ni habari ya kweli.

Kwa hiyo wepesi wa vidole usituzuge. Kijana anaweza kuhariri video kwa dakika chache na bado asijue aanzie wapi kupima ukweli wa anachokisoma. Hapo mwalimu ana kazi kubwa, tena ya kuvutia: mpe dai linalosambaa mtandaoni, mwache atafute nani amelisema, kwa faida ya nani, na wengine wanasemaje, kisha alitetee jibu lake mbele ya wenzake.

Darasani mfano ninaoupenda ni wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard. Tangu 1991 aliacha kuhutubia mfululizo. Anauliza swali gumu, kila mwanafunzi anajibu peke yake, kisha anabishana na jirani yake na kujibu tena. Vifaa vya kupigia kura vinarahisisha, lakini njia hiyo inawezekana hata kwa kuinua mikono. Kinachomwamsha mwanafunzi ni ule ubishi.

Makazini tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni tathmini ya mara moja kwa mwaka. Huyu ni mtu ambaye kila alichokigusa tangu utotoni kilimjibu papo hapo. Ukimwajiri ukamnyamazia miezi kumi na miwili, atahesabu kuwa hakuna anayemwona, na ataondoka. Dakika kumi kila wiki zinatosha: hiki kizuri, hiki rudia, na sababu ni hii. Sababu ni muhimu kuliko tunavyodhani, maana ripoti ambayo haisomwi na yeyote huua ari ya mtu wa umri wowote.

Halafu tukubali kufundishwa. Mwaka 1999 Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Marekani ya General Electric, aliwaagiza viongozi wa juu wapatao 500 wamtafute kila mmoja kijana wa kumfundisha intaneti. Naupenda mpango huo kwa sababu unamfungulia kijana mlango wa kuona jinsi maamuzi yanavyofanywa, na mkubwa naye anaona anachokosa. Uende pande zote mbili, lakini. Kijana naye anahitaji kufundishwa kuandika barua kwa mteja aliyekasirika na kukaa kwenye kikao kigumu.

Kuhusu akili mnemba, sioni faida ya kuipiga marufuku. Waruhusuni waitumie, kisha waketisheni waeleze kwa mdomo kila hatua ya kazi waliyoleta, wapi programu ilikosea na wao walirekebisha nini. Asiyeweza kueleza arudie.

Na kwa mwajiri anayelalamika kuwa vijana hawakai: mwulize wako, akifika mwezi wa tatu, ni utaratibu gani wa ofisi unaompotezea muda. Kisha mkabidhi aubadilishe yeye mwenyewe, kwa jina lake.